Faida ipo, hela haipo

Nipo, sema tu UE inanukia na room kwetu hakulaliki. Wiki hii lecturer katupa kazi ya kufuatilia mabadiliko ya wadaiwa kwenye mahesabu ya benki kubwa ya uwekezaji. Group letu likachukua Goldman Sachs ya Marekani. Jamaa wakaanza kulalamika kwamba ni mambo ya wazungu. Mimi nikawaambia jamani, hiki kitu kwetu Marambo kipo kwenye daftari la bi mkubwa.

Mama ana kaduka. Kwa sisi wa Nachingwea na Ruangwa, kabla minada ya korosho haijaanza mwezi wa kumi watu hawana hela, wanachukua sabuni na sukari kwa maneno ya "mama andika, korosho ikilipa nakuja". Tuseme Septemba inaanza anadai 200,000. Ndani ya mwezi anakopesha 350,000, wanalipa 150,000. Mwisho wa mwezi anadai 400,000. Wadaiwa wameongezeka 200,000. Kama faida ya mwezi ni 120,000 na vingine havijabadilika, hela mkononi imepungua 80,000! Faida ipo, hela ya kununua mzigo haipo. Ndiyo maana kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha ongezeko la wadaiwa linatolewa kwenye faida.

Sasa Goldman nao wana mstari wao wa wadaiwa. Humo wamo wateja waliokopa kununua hisa, na mawakala ambao biashara zao hazijakamilika malipo. Tofauti ni kwamba mteja wa benki anaacha hisa kama dhamana. Wa mama anaacha jina lake tu. Lakini dhamana nayo isikudanganye: Lehman Brothers ilipoanguka tarehe 15 Septemba 2008, waliokuwa wanaidai walikaa miaka kwenye foleni ya mufilisi.

Kwa hiyo salio peke yake halitoshi, angalia na umri wa deni. La siku 20 na la siku 120 hayafanani hata kama yote ni elfu hamsini. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya bei za wanunuzi kukataliwa. Mwenye kilo 400 akawa anadai 1,320,000, bei safi kabisa. Ila kukawa na uhakiki wa kuwabaini kangomba, na hadi 2019 kuna wakulima walikuwa bado wanasubiri. Mkulima asipolipwa na muuza duka halipwi, na ada ya shule haisubiri mtu. Deni moja likichelewa linachelewesha mengine kumi.

Mama hajui neno lolote la darasani kwetu, ila kila Jumapili anapitia daftari, na aliyepitisha miezi mitatu hapewi tena hadi apunguze. Hiyo ndiyo sera ya mikopo, wadau, na ndiyo inayoniweka mimi chuo.

Na msisahau, sisi wa bumu tumo kwenye vitabu vya Bodi ya Mikopo. Tunahesabiwa kama mali yao, hahaha!

Haya, acha nikapige desa. Je, kwenu deni la dukani linakaa siku ngapi? Tupieni maoni.