Ng'ambo ya Murongo

Kutoka Murongo, Kyerwa, Uganda ni kuvuka tu mto Kagera. Ukishavuka uko Kikagati, na Kinyambo chetu kinaelewana na Kinyankore chao bila mkalimani. Kwa hiyo ya kwao hatuyasikii kama ya wageni.

Agosti 2012 wapenzi wa jinsia moja waliandamana Entebbe kwa mara ya kwanza, kando ya Ziwa Victoria. Januari ya mwaka uliotangulia mwenzao David Kato alikuwa ameuawa nyumbani kwake. Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ikabatilisha sheria iliyowalenga, nao wakarudi palepale na bendera za upinde wa mvua. Mimi nilikuwa Kayanga, naangalia picha kwenye simu, mwanga nimeupunguza. Wengine walivaa barakoa. Hao ndio niliowatazama muda mrefu.

2016 polisi wakavamia sherehe yao usiku, Kampala. Mwaka uliofuata maandamano hayakufanyika; Waziri Simon Lokodo aliapa kuyazima. Mei 2023 ikaja sheria mpya: kifungo cha maisha, hata kifo kwa baadhi ya makosa. Sisi kifungo cha maisha tunacho siku nyingi, kimo kwenye Kanuni ya Adhabu. Sina la kuwacheka.

Mama huniuliza, "Mwanangu, kibanja hiki nitamwachia nani? Unaoa lini?"

"Tuvune kahawa kwanza, mama."

Tumeshavuna misimu mitano.