Mbuzi anakula, lakini anapata nini?



Wengi kati yetu, minervali inatoka kwa mbuzi. Wakati wa jua kali mbuzi anakonda, bei yake inashuka, na mtoto anafukuzwa masomoni. Kwetu baba anasema tukate matembele. Baba mkubwa anasema, hapana, matete: « Si unaona anayamaliza yote? » Mama naye anakumbusha kwamba matembele ni mboga yetu. Kila fungu la mbuzi linatoka katika chungu chake.

Mimi nasema hivi: kula ni jambo moja, kuyeyuka tumboni ni jambo lingine. Katika tumbo kubwa la mbuzi mnaishi vijidudu vingi, ndivyo vinavunja majani. Majani machanga yanavunjika upesi. Yaliyozeeka yamekuwa magumu kama miti, mengi yanapita tu na kutoka. Basi tusibishane kwa kelele, tupime.

Tutwae mbuzi dume 4, wa umri na uzito karibu sawasawa, kila mmoja katika chumba chake. Wawili wale matete, wawili matembele. Siku 14 za kwanza hatupimi kitu, juu vijidudu vinazoea chakula kipya na mavi ya chakula cha zamani yanamalizika kutoka. Kisha, kwa siku 7, tunapima anachopewa, anachobakiza, na mavi yote. Vyote vikaushwe mbele ya kupimwa, kwani maji yanadanganya mizani. Kama kwa siku mbuzi alikula gramu 800 za majani makavu, na mavi makavu ni gramu 320, basi gramu 480 ziliyeyuka tumboni: ni 60 kwa 100.

Halafu tunabadilisha: wa matete wapewe matembele, wa matembele wapewe matete, na tunaanza tena. Hivi hakuna atakayesema, « Mbuzi yule alikuwa mgonjwa tangu mbele. » Tena matete yakatwe ya umri mmoja kila siku.

Kule Uingereza, Tilley na Terry walitangaza mwaka 1963 njia ya kupima ndani ya chupa: majani yanawekwa katika maji ya tumbo la kondoo saa 48, bila hewa, kwa joto la mwili, kisha saa 48 zingine katika asidi na pepsini. Lakini hata chupa hiyo ilisahihishwa kwa kulinganishwa na wanyama wazima.

Najua wengine watacheka: « Msomi wa kupima mavi! » Wacheke. Baba mkubwa hakosi kabisa, kwani majani mazuri ambayo mbuzi anayakataa hayamnenepeshi; kwa hiyo tunapima pia anachobakiza. Na kama hesabu itamshinda baba yangu, nitamwambia kwa heshima. Kama matembele yanapita matete kidogo tu, mama abaki na mboga yake.

Mwenzenu wa mwaka wa tano