Ringi Pana na Amana ya Mpwa Wangu



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike machache juu ya baskeli, kwa kuwa kila Idi, sahani za pilau zikishaondoshwa, vijana wetu hunizunguka na kuniuliza lile lile: "Mjomba, nitie ringi pana?" Siku hizi takriban kila nyumba yetu ina kijana mwenye baskeli ya milimani, na ringi pana zimekuwa ndiyo gumzo lao. Nimekubali kuandika, ila nitajibu kwa kisa, na kisa chenyewe hakinipambi.

Mwezi wa Novemba mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa pekee wa mdogo wangu wa kike, alianguka Harting Down. Kwa jamaa zetu walioko Muscat na Dubai wasioijua huku kwetu: kaskazini ya Portsmouth kuna vilima viitwavyo South Downs, na juu ya migongo yake imepita njia ya maili 100, kutoka Winchester hadi Eastbourne, ambayo wenye baskeli na wenye farasi wameruhusiwa kuipita yote. Ardhi yake ni chaki nyeupe iliyochanganyika na mawe ya gumegume. Chaki ikirowa huteleza kama sabuni, na gumegume likivunjika huwa na makali ya kisu. Kijana alikuwa akiteremka kwa kasi, akakata kona, tairi la mbele likalala ubavu, naye akaenda chini. Alivunjika mtulinga.

Mdogo wangu, ambaye alishafiwa na mume, alitoa hukumu pale pale hospitali: baskeli iuzwe. Nikamwambia, "Usiiuze kwanza. Nipe miezi mitatu niitazame." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya, kaka. Lakini akipatwa na jengine nitakuuliza wewe." Basi tangu siku ile yale magurudumu yakawa amana shingoni mwangu.

Niliipeleka baskeli bandani kwangu. Nikiwa kijana wa skuli Unguja nilikuwa nikishinda kwa fundi wa baskeli mtaani kwetu Ng'ambo, nikimshikia spoki, na kunyoosha ringi ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Nikapima. Ringi zilikuwa na upana wa ndani wa milimita 21, na juu yake limevishwa tairi la inchi 2.4, yaani milimita 61. Tairi pana juu ya ringi nyembamba hukaa kama embe juu ya kikonyo: tumbo kubwa, shina dogo. Ukilijaza upepo mwingi husimama vizuri, lakini hurukaruka juu ya mawe na halishiki njia. Ukilipunguza upepo ili lishike njia, ubavu wake hauna pa kuegemea, na kwenye kona hulala. Kijana alikiri kwamba siku ile alikuwa amepunguza hadi ratili 15 kwa inchi mraba, kwa kuwa wenzake walimwambia kwamba kwenye chaki iliyorowa upepo uwe mdogo. Ushauri wenyewe haukuwa wa kipuuzi. Sisi tuliopita na baskeli kwenye mchanga tunajua kutoa upepo kidogo. Ila kwa tairi lile, ringi yake haikuweza kuuhimili upepo mdogo kiasi kile.

Hapo ndipo ilipo faida ya ringi pana. Huzitenganisha kingo mbili za tairi, mbavu zikasimama wima zaidi, na tairi likaweza kwenda na upepo mdogo bila ya kuyumba. Hilo ni kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kama pana ni nzuri, basi pana zaidi ni nzuri zaidi.

Nilipata jozi ya magurudumu yaliyokwisha kutumika, ringi za milimita 40, kwa bei ya kutupa. Habu zake ziliingia sawasawa kwenye fremu, nikayavisha matairi yale yale, wala sikupima chengine. Nakumbuka niliona kwamba tairi limekuwa bapa usoni. Meno ya pembeni, ambayo kazi yake ni kushika ardhi wakati baskeli inapoinama, yalikuwa karibu na ardhi hata ikiwa imesimama wima, na mbavu zilikuwa zimetokeza nje bila ya kinga. Macho yaliona, lakini bei nafuu na sifa ya ufundi vilinifumba. Nikampa kijana baskeli yake.

Mwishoni mwa Februari, mtulinga ulipokwisha pona na daktari kumpa ruhusa, alitoka asubuhi kwenda vilimani peke yake. Saa mbili usiku mdogo wangu alinipigia simu. "Kaka, mtoto hajarudi, na simu yake haipatikani." Hakusema zaidi, wala hapakuwa na haja ya kusema zaidi.

Nilitia gari moto nikenda. Nilimkuta kwenye barabara ya kutoka South Harting kwenda Petersfield, anasukuma baskeli pembezoni mwa barabara, mvua inanyesha, taa yake imekwisha betri. Gumegume lilikuwa limeupasua ubavu wa tairi la nyuma, mpasuo wa vidole vitatu. Ile dawa ya maji inayotiwa ndani ya matairi yasiyo na tyubu huziba tundu la mwiba, haizibi mpasuo kama ule. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, sikuanguka. Mwambie mama sikuanguka."

Nilimfikisha kwao, nikasema mbele ya mama yake kwamba kosa ni langu, si la mtoto wala si la baskeli. Mdogo wangu alitutilia chai, asiseme neno. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Usiku ule ule nilikaa na karatasi, nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Nawaandikia vijana hapa, ili wasije wakaipata kwa njia niliyoipata mimi.

Kwanza ni njia, pili tairi, tatu ringi, nne fremu. Usianze na ringi. Kwa njia ya chaki na gumegume tulichagua tairi la inchi 2.4 lenye mbavu nene. Tairi kama hilo hukaa vyema juu ya ringi ya milimita 30 hivi kwa ndani. Mwenye tairi la 2.2, milimita 25 zamtosha. Mwenye 2.6 aweza kwenda 30 hadi 35. Ringi za 40 ni za matairi makubwa yanayokaribia inchi 3. Kisha tazama nambari zilizoandikwa kwenye ringi na kwenye tairi: 622 ni baskeli ya inchi 29, 584 ni ya 27.5, na 559 ni ile ya 26 ya zamani. Hizi haziingiliani hata kidogo. Halafu pima nafasi kati ya tairi na vyuma vya fremu, maana ringi ikipanuka na tairi nalo hupanuka kidogo, na tope la chaki hunata kama ulimbo. Mimi sikubali chini ya milimita sita kila upande. Na mwenye breki za kubana ringi, badala ya breki za diski, apime pia kama breki zitafunguka vya kutosha.

Habu zake za zamani zilikuwa nzima, zenye matundu 32 kila moja, kwa hiyo nilinunua ringi mbili za milimita 30 na spoki 64. Spoki za awali hazikufaa: ringi mpya zilikuwa na kipenyo kidogo zaidi kwa milimita sita, pale nati za spoki zinapokaa, na kwa hivyo kila spoki ilitakiwa iwe fupi kwa milimita tatu. Kijana alikuja jioni nne mfululizo. Nilisuka gurudumu la mbele yeye akitazama, la nyuma akalisuka yeye mimi nikitazama. Alikuwa akizigusa spoki kwa kidole na kusikiliza mlio, kama mpiga kanuni anayetafuta sauti, na ile isiyolingana na wenziwe akaikaza robo mzunguko. Gurudumu lake lilinyooka kuliko langu. Nalisema hilo hadharani kwa sababu ni haki yake.

Sasa tairi lina uso wa duara, na meno ya pembeni yanangoja mpaka baskeli iiname. Upepo wake ni ratili 22 mbele na 25 nyuma. Tangu Aprili ya mwaka jana amepita njia ile mara nyingi, kiangazi na masika, na kona ile ya Harting Down anaipita polepole, kama nilivyomwomba. Ringi si hirizi. Huchukua tairi liliposhindwa kusimama, haichukui mwendo wa mtu asiyetazama mbele.

Mdogo wangu hazungumzi tena habari ya kuuza. Ila kila kijana akitoka, hunipigia mimi kuniuliza atarudi saa ngapi.

Zile ringi za milimita 40 ningali ninazo, zimetundikwa bandani. Jamaa yeyote mwenye baskeli ya matairi ya inchi 3 na aje azichukue bure, na chai ipo. Lakini aje na baskeli yenyewe, maana nitapima kwanza.

Wabillahi tawfiq.