Tairi za pikapu: soma ubavu kabla ya meno

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kunikuta nikilalamika kuhusu seva na hifadhidata. Leo tunaongea juu ya tairi. Msikimbie, hesabu zimo, na mtaona kwamba ni kazi ile ile ya kila siku: mtu anakuuzia kitu kwa sura yake, na huku maelezo yote yameandikwa pembeni kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Gari lenyewe ni Isuzu D-Max ya milango minne, niliyomnunulia mtu hapa hapa nchini. Tairi zake zilikuwa zimeisha hadi vile vijinundu vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo hukuonya kwamba kina kilichobaki ni milimita 1.6. Zilikuwa za lami, zile zinazoandikwa H/T. Swali likawa: nirudishe H/T, niweke A/T ambazo ni za mchanganyiko, au nipande hadi M/T, zile za matope zenye meno kama ya trekta?

Kwangu swali hili si la urembo. Wazazi wangu wanakaa ng'ambo ya Rumuruti, kilomita 14 kutoka lami. Mama ana kliniki Nyahururu kila baada ya wiki mbili na siku hizi mgongo haumruhusu kupanda pikipiki. Kwa hiyo mara mbili kwa mwezi natoka Nairobi jioni, nalala nyumbani, asubuhi nampeleka. Akikosa siku yake anapangiwa nyingine, na dawa hazisubiri.

Nikafanya kile ninachowaambia vijana kazini kila siku: kabla ya kurekebisha chochote, pima. Kwa miezi mitatu niliandika kilomita zote kwenye jedwali. Jumla 4,556. Za udongo zilikuwa 336, yaani asilimia 7 na ushei. Nyingine zote ni lami: barabara kuu kupitia Naivasha na Gilgil, mzunguko wa Nyahururu, na foleni za Nairobi ambazo hata baiskeli ingezimaliza.

Mtu wa wastani angeangalia jedwali hilo na kusema asilimia 93 ni lami, weka H/T, funga mjadala. Lakini sisi wa seva tunajua wastani unavyodanganya. Mfumo wa malipo unaweza kuwa mzima siku 29 halafu ukaanguka tarehe 1, wakati nchi nzima inalipa kodi ya nyumba kwa simu. Hakuna mteja atakayekushukuru kwa zile 29. Kwa hiyo swali si "naendesha wapi zaidi?" Swali ni "nikikwama wapi ndipo gharama ni kubwa?" Na mimi nikikwama kwenye zile kilomita 14, gharama anailipa mama.

Hapo ndipo wengi hurukia M/T. Mwenye duka mmoja alinionyesha seti ya 265 yenye meno ya kutisha. "Bosi, hii ni plai kumi. Inakupeleka Loiyangalani na kukurudisha." Nikamuuliza, na mvua ikinyesha pale Gilgil, mbele yangu lori limefunga breki, itanisimamisha? Akacheka, akasema, "Hapo sasa ni wewe na Mungu wako."

Alikuwa mkweli. Kinachoisaidia M/T kwenye matope ndicho kinachoiangusha kwenye lami yenye maji. Meno ni makubwa na yametengana sana, kwa hiyo mpira unaogusa barabara ni mdogo, na ile mikato midogo midogo inayoshika lami iliyolowa ni michache. A/T nayo hupoteza kidogo ikilinganishwa na H/T, lakini si kiasi hicho. Kwa hiyo kuna maafa mawili, si moja: matope ya nyumbani yanaweza kunichelewesha, na lami ya Gilgil inaweza kuniua. Ukiyaweka yote mawili mezani, A/T ya wastani inabaki peke yake, bila kupigiwa debe na mtu. Tena isiwe ile kali ya mashindano. Iwe ya meno yaliyokaribiana katikati na yaliyoachana kidogo mabegani.

Baada ya hapo niliacha kuangalia meno, nikainama kusoma ubavu.

Tairi ya gari langu imeandikwa 245/70R16. Ni kama jina zuri la faili, limebeba kila kitu. Upana milimita 245. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 171.5. R ni kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. 16 ni inchi za rimu. Jumlisha bavu mbili na rimu, unapata kipenyo cha milimita 749. Nikaandika programu ndogo ya Python, mistari 9 tu, ya kulinganisha na ile 265/70R16 ya yule mwenye duka: kipenyo milimita 777, ongezeko la asilimia 3.7. Maana yake saa ya mwendo ikisema 100, wewe uko karibu 104. Na gari linainuka milimita 14 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Milimita 14! Huo ni unene wa kidole, na unaulipia kwa injini kuvuta mzigo zaidi na tairi kukwaruza tope la bodi ukikata kona. Nikabaki na 245.

Halafu kuna namba inayofuata saizi, ambayo nadhani ndiyo muhimu kuliko zote kwa mwenye pikapu. Yangu inasema 111S. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa, na sina haja nao. Ile 111 ni uwezo wa kubeba: kilo 1,090 kwa tairi moja. Saizi ile ile ya 245/70R16 inauzwa pia ikiwa na 107, yaani kilo 975. Ukizitazama zimesimama dukani huwezi kuzitofautisha. Ekseli ya nyuma ya gari langu inaruhusiwa kilo 1,870. Tairi mbili za 107 zinabeba 1,950, kwa hiyo kwenye karatasi zimepita. Lakini Wamarekani wana kanuni kwamba tairi ya gari dogo ikivalishwa pikapu, uwezo wake ugawanywe kwa 1.10. Ukigawa, 1,950 inakuwa 1,772 na umeshapungukiwa. Na mimi nikirudi nyumbani huwa nimebeba magunia ya chakula cha ng'ombe, na kuna siku nilibeba tangi la maji na mjomba juu yake. Nikasema 111 au sinunui.

Na hizi "plai kumi" tunazoimbiwa? Zamani nyuzi zilikuwa za pamba na tabaka zilihesabiwa kweli. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, ndani hakuna tabaka kumi. Herufi zake ni C kwa plai 6, D kwa 8, E kwa 10, na mara nyingi utaziona kwenye tairi ambazo saizi yake inaanza na LT. Ni tairi imara kweli, ubavu wake haukatwi ovyo na mawe. Lakini ni nzito zaidi, na ili ibebe mzigo ule ule inahitaji upepo mwingi kuliko tairi ya kawaida. Anayefunga E halafu akaijaza 30 kama alivyozoea amenunua nguvu ambayo haitumii. Kama ningekuwa naishi kwenye mawe ya Marsabit ningechukua LT bila kuuliza. Njia yetu ni udongo na miba ya migunga, na mwiba ukiingia kwenye meno fundi anaziba kwa dakika kumi. Ni ubavu tu ndio hauzibwi.

Angalia pia tarehe. Tafuta herufi DOT, fuata msimbo hadi tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Duka moja la Kirinyaga Road lilinipa tairi "mpya kabisa", na ilikuwa mpya kwa maana kwamba haijawahi kukanyaga barabara, lakini ubavuni imeandikwa 1419: wiki ya 14 ya mwaka 2019. Michelin hushauri tairi zikaguliwe kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na zitolewe zikifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama meno yapo. Kwa hiyo hapo nilikuwa nauziwa umri uliokwisha kuliwa, kwa bei kamili. Nikaiacha.

Kitu kimoja hakikunisumbua kabisa: ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Muuzaji aliitaja kama cheti cha chuo kikuu. Inaonyesha tairi imefaulu jaribio la kushika theluji. Theluji yetu sisi iko kileleni Mlima Kenya, na D-Max haifiki.

Mtaniuliza jina la kampuni. BFGoodrich wanauza tairi inayoitwa All-Terrain tangu 1976, Yokohama wana Geolandar, Bridgestone wana Dueler, na kuna za Kichina ambazo baadhi ni nzuri. Zamani ungeongeza Yana, lakini kiwanda chake cha Nairobi kilifungwa 2016. Jina halinitoshi, kwa sababu jina lile lile huja kwa uwezo tofauti kulingana na saizi. Soma ubavu.

Nilinunua tano, si nne. Bei ilikuwa ya kompyuta nzuri ya kazi, na mke wangu aliniuliza ya tano ni ya nani. Ni kwamba ukiwa umeunganisha magurudumu yote manne halafu moja likawa na kipenyo tofauti, gia zinavutana. Tairi ya akiba lazima ifanane na wenzake, na inaingia kwenye mzunguko kila kilomita 10,000.

Matokeo? Kwenye lami zina mvumo kidogo ukipita 80, mama anasema ni kama nyuki walio mbali. Mvua za Aprili zilipofika nilipunguza upepo kutoka 35 hadi 26 pale tunapoacha lami, na kilomita 11 za kwanza tulizipita vizuri hadi nikaanza kujisifu. Tatu za mwisho ni udongo mweusi. Ule udongo huvimba ukinywa maji, unajaza mifereji yote, na baada ya mita mia moja tairi yako ni andazi. M/T nayo ingegeuka andazi, labda mita mia mbili mbele. Dawa yake ni jua. Tulisubiri hadi saa saba mchana, tukafika.

Kwa hiyo msimu wa mvua mama sasa anatoka siku moja kabla, udongo ukiwa umekauka, na kulala kwa shangazi yangu aliye karibu na lami. Tairi zinafanya zilizobaki. Kinachonisumbua kwa sasa ni pampu ya upepo: hii niliyo nayo huchukua dakika 25 kurudisha tairi nne kutoka 26 hadi 35, na ikimaliza ina moto kama pasi. Wiki ijayo naifungua nione ndani kuna nini.