Majira kwa Mwenye Kifafa

Mwanamke mwenye kifafa akitaka kupanga uzazi ana maswali mawili pale wenzake walipo na moja. Wenzake huuliza: njia gani itanifaa? Sisi huongeza: je, itapatana na dawa ninayomeza kila jioni?

Mimi humeza fenobabitoni, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Dawa hii, sawa na fenitoini na kabamazepini, hulichochea ini kuvunja homoni upesi. Kwa hiyo vidonge vya majira, na hata vijiti vya mkononi, hupungua nguvu. Waweza kuvitumia kwa uaminifu wote na bado ukashika mimba. Nasi mimba ya ghafla si jambo dogo. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, zaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuacha dawa ovyo ni kujiita motoni, maana hapa Masanze wengi tunapikia mafiga.

Kinachotuponza zaidi ni kimya. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wametengwa kwa kuogopewa kwamba wanaambukiza. Hofu hiyo haijaisha. Kwenye foleni ya uzazi wa mpango wamo wifi na majirani. Nani atataja kifafa mbele yao?

Mimi sikutaja. Niliweka daftari langu la matibabu mezani, nimelifungua penye jina la dawa. "Dada, soma hapa kwanza," nikasema. Muuguzi akasoma, akafunga mlango, akanieleza. Sindano ya miezi 3 haipunguzwi nguvu na dawa yangu, ila ikitumika muda mrefu yaweza kupunguza uimara wa mifupa, kama fenobabitoni yenyewe. Mtu anayeanguka anaihitaji mifupa yake. Nikachagua kitanzi cha shaba: hakina homoni, na hukaa miaka 10. Miezi ya mwanzo hedhi iliongezeka na tumbo likauma. Mume wangu akateka maji mpaka nikapata nafuu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwetu sisi imegeuka: anayeficha ndiye anayezaa asipopanga. Ndugu yangu, kama mdomo ni mzito, daftari na liseme.