Kasuku Anayeogopa Maji Haogeshwi kwa Nguvu

Je, msomaji, umewahi kujaribu kumwogesha ndege asiyetaka hata kuyaona maji? Wako kasuku wanaofurahia manyunyu na kutandaza mabawa. Sultani wetu hakuwa miongoni mwao. Akiona chupa ya maji alibana manyoya, akatoa macho na kunguruma kama mbwa mdogo.

Usidhani woga huo ni wa kuzaliwa nao. Kasuku wa kijivu asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, hadi Kakamega hapa kwetu, na huko mvua ndiyo bafu lake. Lakini Sultani tulimrithi kutoka kwa shangazi yangu wa Mombasa, baada ya kushughulikia kibali cha KWS, maana kumfuga bila kibali ni kuvunja sheria. Kijana aliyemtunza huko alizoea kumwelekezea mpira wa maji kama anayeosha matatu. Wahenga hawakukosea: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Basi si mumwache tu?" utauliza. Mume wangu naye aliuliza hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba baadhi ya manyoya ya kasuku huyu husagika yakawa unga mweupe unaomsaidia kuyatunza mengine. Unga huo ulitanda juu ya televisheni, juu ya makochi, na ukamfikia binti yetu wa miaka tisa, ambaye ana pumu. Daktari alisema bila kuficha: vumbi lipungue, la sivyo ndege atafutiwe makao mengine. Jioni hiyo mtoto hakugusa chakula. Ni yeye aliyemfunza Sultani kusema, "Habari za shule?"

Kwanza tulilihamishia tundu kwenye roshani. Kisha dawa ikapatikana jikoni: sukuma wiki! Tuliosha majani vizuri, tukayaning'iniza ndani ya tundu yakiwa bado yanachuruzika maji. Siku ya kwanza Sultani aliyadonoa tu. Siku ya nne alisugua kichwa, halafu shingo, halafu kifua. Aliloa bila kujua kwamba anaogeshwa.

Baada ya majuma mawili tulichukua chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, mpya, isiyowahi kutiwa dawa yoyote. Tulisimama mbali na kurusha maji juu, yamwangukie kama rasharasha. Kamwe hatukumlenga usoni. Aliponguruma, tuliacha papo hapo na kungoja kesho. Lilipofika juma la sita, aliinua bawa moja mwenyewe. Binti yangu alipiga makofi mpaka jirani akachungulia.

Ukitaka kujaribu, kumbuka haya. Tumia maji vuguvugu matupu. Sabuni huondoa mafuta ya manyoya. Chagua asubuhi yenye jua ili akauke kabla ya usiku, na ile baridi ya Julai ya Nairobi usimloweshe chapachapa. Mashine ya kukaushia nywele isimkaribie: baadhi yake zina utando kama ule wa vikaango visivyoshika chakula, na moshi wake ukipata joto kali huua ndege. Mwache ajikaushe.

Vumbi limepungua sana, ingawa kufagia kwa kitambaa kibichi bado ni kazi ya kila siku. Daktari ameridhika ndege abaki, mradi asiingie chumba cha kulala.

Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Hofu utakayomtia leo utaishi nayo muda mrefu, na imani yake vivyo hivyo. Na wewe mzazi ambaye mtoto wako hupiga mayowe akioshwa nywele, huenda Sultani ana neno la kukuambia.