Kahuzi, Jirani Yetu

Mkazi wa Kadutu hahitaji kusafiri ili akutane na msitu. Msitu wenyewe humjia sokoni, umo ndani ya magunia ya makala. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kwenda kutazama miti hiyo ingali imesimama?

Njia si ndefu. Toka Bukavu hadi Tshivanga, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ni kilometa 30 hivi. Hufuatwa barabara ya Goma mpaka Miti. Hapo huachwa, ikashikwa ile ya Walikale ipandayo mlimani. Mashamba hukoma, na msitu huanza. Juu yake wasimama mlima Kahuzi, wenye meta 3,308, na mwenzake Biega, wenye meta 2,790. Hewa ya huko ni baridi, na mianzi imesongamana.

Humo hukaa ngagi, ndiye gorila. Huishi kwa jamaa, chini ya ulinzi wa dume mwenye mgongo mweupe. Hula majani, matunda na machipukizi ya mianzi, na kila jioni hujitandikia kitanda kipya. Asipotishwa ni mpole. Nguvu anazo nyingi, lakini hazikumkinga na risasi: upande wa milimani walipungua sana, hata mwaka 2000 walibaki 130 hivi. Vita na njaa ndivyo vilivyowamaliza.

Hifadhi iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hata kufikia kilometa za mraba 6,000. Walakini tusiseme nusu ya habari. Watwa, wenyeji wa msitu huo tangu kale, walitolewa humo, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba walidhulumiwa. Je, asiye na shamba akichoma makala ili wanawe wale, tumhukumu upesi? Na mama wa Kadutu ayanunuaye, si lazima apike?

Kwa hiyo marufuku peke yake haitoshi. Mwenye njaa hana masikio. Bwana John Kahekwa, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwa ngagi, aliliona jambo hili. Mwaka 1992 alianzisha shirika la Pole Pole, ambalo limepanda miti nje ya hifadhi, ili watu wapate kuni bila kuingia msituni, na kuwafundisha waliokuwa wawindaji kuchonga vinyago. Aliyemwinda ngagi jana akapata kula kwa kumchonga.

Tangu vita vilipofika Bukavu, mwezi wa Februari 2025, safari za kutazama wanyama zimekuwa ngumu. Lakini miteremko ya Kadutu, iporomokayo kila mvua kubwa inyeshapo, iko hapa hapa. Enyi walimu, nanyi wazazi, wapeni watoto mche mmoja mmoja waupande na kuutunza. Mtoto aliyelea mti wake mwenyewe atajua thamani ya msitu, hata kabla hajauona ule wa Kahuzi.